Vigingi vya Madale

Mwanabaraka alikutana na Sadallah sokoni Kariakoo, mwaka 1954, alipomwangushia kapu la mihogo mguuni.

"Umenivunja, dada," alilalamika Sadallah, fundi wa nyumba wa Keko, huku akicheka. "Sasa nani atanipikia?"

"Mama yako hayupo?"

Miezi mitatu baadaye, barua ya posa ilikuwa inaandikwa.

Ndipo ikaja kazi ya Madale. Mwingereza mmoja, mtaalamu wa mambo ya kale, alifukua mashimo yaliyopangika duara kilimani, akataka kujua kama watu wa kale walijenga pale. Alimwajiri Sadallah kwa kuwa alijua nguzo inavyosimikwa. Sadallah akawa anarudi Jumapili tu, mdomoni ana jina moja: Genoveva, binti wa misheni aliyechora ramani ya mashimo.

"Genoveva ana mkono mwepesi, hautetemeki!"

"Wepesi wa mkono wake umeujuaje, mpenzi?"

Alhamisi, Mwanabaraka alivaa buibui lake jipya, akadandia lori hadi Tegeta, akapanda kilima kwa miguu. Aliwakuta wamepiga magoti kwenye shimo moja, vichwa karibu vigusane. Genoveva, gauni lake la madoa ya bluu limejaa vumbi, alikuwa anacheka.

Hakusalimu. Aling'oa vigingi vilivyotia alama mashimo, kimoja kimoja, akavitupa bondeni.

"Baraka! Hiyo kazi ya wiki tano!" Sadallah alipaza sauti.

"Mwambie mwenye mkono mwepesi akuokotee!"

Bwana yule Mwingereza alikuja mbio. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi, bwana," alisema Sadallah. "Nilipandwa na hasira."

"Basi huna kazi."

Mwanabaraka alisogea mbele. "Anasema uongo. Ni mimi. Nilimwonea wivu huyu dada."

"Mie?" Genoveva aliweka penseli chini. "Siku nzima Baraka hivi, Baraka vile! Nimekuchoka hata kabla sijakuona."

Bwana aliamuru vigingi virudishwe kabla ya jua kuzama. Genoveva alisoma ramani, Mwanabaraka akapigilia, Sadallah akasafisha mashimo. Kwenye shimo la saba mkono wake ulisita: kokoto zilikuwa zimeshindiliwa pembeni.

"Hapa ilisimama nguzo, bwana. Nami hukaza hivihivi."

"Shimo moja si nyumba," alijibu bwana, lakini aliinama kutazama. "Kesho njoo mapema."

Wakati wa kushuka, Mwanabaraka aliuliza, "Posa bado ipo?"

"Ipo. Na Genoveva tutamwalika harusini."

Mwanabaraka alikung'uta vumbi kwenye buibui lake.

"Aje. Lakini atakaa karibu na mama yangu, nimwone vizuri."