Mapumziko ya Nyanya Amoit

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Anyait alikuwa na kazi moja ambayo hakuiacha hata akiwa amechelewa: kumpelekea nyanya yake chai. Saa hizo mji wa mpakani wa Malaba huwa umekwisha kuamka. Malori yaliyopanga foleni kuingia Uganda yalikuwa yakinguruma, na wauzaji wa mayai ya kuchemsha walikuwa wakiwanyooshea madereva ndoo zao dirishani. Anyait alipita sebuleni polepole, kikombe kimejaa hadi ukingoni, sukari imekolea, akamkuta Nyanya Amoit ameketi pale pale alipomwacha jana.

"Nyanya, chai."

"Asante, mama. Leo utarudi saa ngapi?"

"Jioni."

"Basi nitakungoja."

Na kweli alimngoja. Hakuwa na lingine la kufanya.

Nyanya Amoit hakuwa mtu wa kuketi. Kijijini kwao, karibu na Amukura, alijulikana kwa jembe lake. Alilima karanga na wimbi, akaenda sokoni kwa miguu na kurudi kwa miguu. Jumapili alikuwa wa mwisho kutoka kanisani, maana hakuweza kumpita mtu bila kumuuliza habari za watoto, za ng'ombe na za ule mguu uliokuwa ukimuuma. Ukitaka kujua fulani ni mtoto wa nani, na babu yake alihamia kutoka wapi, ulikwenda kwa Amoit.

Mumewe alipofariki, mwanawe Ilukor alikwenda kumchukua. Ilukor ndiye baba yake Anyait. Alifanya kazi ya kushughulikia vibali vya mizigo mpakani, na alimpenda mama yake kupita maelezo.

"Mama, umelima vya kutosha," alimwambia mbele ya majirani. "Sasa ni zamu yangu. Njoo ukae, ule, upumzike."

Majirani walipiga makofi. Wengine walitamani wangekuwa na mtoto kama huyo.

Ilukor alitimiza ahadi yake. Alimnunulia mama yake kochi lenye mito laini, akaliweka mbele ya televisheni. Jioni alirudi na nyama ya kukaanga, chipsi na soda baridi. Nyanya akishika ufagio, alinyang'anywa. Akitaka kuchambua mboga, aliambiwa, "Ai, Mama, watu wataniambia nini?" Alipotaka kwenda kumwona rafiki yake Leonida, mjane kutoka Butula aliyeishi ng'ambo ya barabara kuu, Ilukor alitikisa kichwa. "Malori haya yatakugonga. Leonida akikutaka, atakuja mwenyewe."

Mara nyingine Nyanya alimgeukia mjukuu wake. "Mama, nitoe nje kidogo tunyooshe miguu."

"Baba amekataa, Nyanya," Anyait alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu ya mama yake. Ilikuwa rahisi kusema hivyo. Katuni ilikuwa imefika mahali patamu.

Siku moja alifika Truphena, mhudumu wa afya wa mtaa, ambaye huzunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wake begani. Alimpima Nyanya presha, akakunja uso, akapima tena. Alimpeleka kliniki, akapewa dawa. Kisha Truphena akaketi na familia nzima.

"Presha haina kelele," alisema. "Mtu anaweza kujisikia mzima huku inamla ndani. Punguzeni chumvi na mafuta. Mboga ziwe nyingi. Soda, hapana. Atembee kila siku, azungumze na watu, akili isilale. Na dawa asiache, hata akijisikia vizuri."

Walimsikiliza kwa heshima. Nanjala, mama yake Anyait, alipunguza chumvi jioni hiyo hiyo. Ilukor alionja mchuzi, akasukuma sahani.

"Mama yangu ale chakula cha hospitali ndani ya nyumba yangu?"

Chumvi ikarudi mezani. Dawa zilipokwisha, Nyanya alisema haumwi popote. "Basi presha imepona," Ilukor alisema, na hakuna aliyerudi kliniki.

Miezi ikapita. Nyanya akanenepa, akawa mzito wa kuinuka. Alianza kumwita Anyait kwa jina la shangazi aliyekufa zamani. Mwanzoni wote walicheka, na yeye mwenyewe akacheka. Baadaye aliacha kucheka. Aliuliza jambo, akajibiwa, kisha akaliuliza tena chai ikiwa bado moto.

"Ni uzee tu," Ilukor alisema.

Jumamosi moja Nanjala alikwenda Busia sokoni, na Ilukor akaenda kazini. Anyait alikuwa uani akifua sare zake aliposikia kikombe kikivunjika. Aliingia ndani mikono ikiwa na povu. Nyanya alikuwa ameegemea upande mmoja. Chai ilimtiririka kwenye kidevu. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande, na mkono wa kulia ulining'inia kama nguo iliyoanikwa.

"Nyanya! Nyanya, ni nini?"

Nyanya alijaribu kujibu. Sauti iliyotoka haikuwa neno.

Anyait alichukua simu aliyoachiwa na mama yake, akampigia baba. Malori yalinguruma hata kwenye simu.

"Baba, Nyanya mdomo umepinda! Hawezi kuongea!"

"Amelala vibaya huyo. Mlaze kitandani apumzike. Nikimaliza gari hili nakuja."

"Lakini Baba..."

"Anyait, nimesema mwache apumzike."

Mtoto akamtii baba yake. Alimkokota Nyanya hadi kitandani kwa shida kubwa, akamfunika shuka, akaketi pembeni. Jua lilipanda. Macho ya Nyanya hayakufungwa hata kidogo. Yalimtazama Anyait bila kupepesa, yakimwomba kitu, na Anyait akayakwepa, akatazama ukuta, akatazama sakafu. Baba hakuja. Alipompigia tena, simu haikushikwa. Mwishowe hakuweza kuvumilia. Alitoka mbio, akapenya katikati ya malori yaliyosimama, hadi kwa Leonida.

Leonida alikuja vile vile alivyokuwa, na unga mikononi. Alitazama kitandani mara moja tu, akampigia Truphena. Truphena alipofika, alishika mkono wa Nyanya, akauinua, akauachilia. Ukaanguka.

"Hiki ni kiharusi," alisema. "Kilianza lini?"

"Asubuhi," Anyait alinong'ona.

Truphena alifumba macho kidogo. Anyait alielewa kwamba kuna jambo limepita na halitarudi.

Gari la jirani liliwabeba. Foleni ya malori ilikuwa imeziba barabara, na dereva alipiga honi mpaka Leonida akaanza kuomba kwa Kiluhya kwa sauti. Hospitalini daktari aliwaeleza kwamba mshipa wa damu ulikuwa umeziba ndani ya ubongo.

"Mgonjwa akiletwa mara moja, mara nyingine tunaweza kuokoa mengi," alisema. "Amechelewa. Ataishi, lakini siwezi kuwaahidi kwamba atakuwa kama zamani."

Nanjala alifika kutoka Busia, kisha Ilukor akaja akikimbia, shati limelowa jasho. Alipoambiwa, aliegemea ukuta, akateleza taratibu mpaka akaketi sakafuni, mtu mzima yule, mbele ya wagonjwa wote.

"Nilisema apumzike," alirudia. "Nilisema apumzike."

Anyait alijificha kwenye nguo za mama yake. "Mimi ndiye nilimlaza, Mama. Alikuwa ananiangalia."

"Ulifanya ulichoambiwa na mkubwa," Nanjala alisema, akimkumbatia. "Kosa hilo si la mtoto."

Siku zilizofuata zilikuwa nzito kuliko zote ambazo Anyait alikuwa amewahi kuziona. Nyanya alirudishwa nyumbani, lakini ilikuwa kama wamerudisha nusu yake. Mguu wa kulia aliuburuta. Mkono ulikuwa umekufa. Maneno yote aliyokuwa nayo, majina yote ya ukoo, safari zote za mababu, yalikuwa yamefungiwa ndani, na hakuna aliyejua ufunguo uko wapi. Aliletewa uji, akafumba midomo. Alikaa akitazama dirisha, na machozi yakamtoka bila sauti.

Usiku Anyait alilia chini ya blanketi. Alikumbuka jioni zote alizoombwa atoke nje kidogo tu. Shuleni mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba majuto ni mjukuu, na darasa zima likaicheka methali hiyo. Sasa mjukuu alikuwa yeye, na haikuchekesha.

Truphena alikuja kuwafundisha mazoezi. Walimsimamisha Nyanya, huyu huku, yule kule. Alipiga hatua, mguu ukakunjika, wakaanguka naye. Nyanya alilia kwa sauti kama mtoto.

"Mwacheni!" Ilukor alifoka. "Mwacheni apumzike, jamani! Hajateseka vya kutosha?"

Leonida, aliyekuja kila siku tangu siku ile, aliinuka kwenye kigoda chake.

"Ilukor, mwanangu," alisema taratibu, "hakuna anayesema humpendi mama yako. Lakini umempenda kama mtu anayefunika mche kwa sufuria ili jua lisiuchome. Angalia mche wako."

Ilukor alitoka nje, akakaa uani muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alimwendea mama yake, akaweka bega lake chini ya kwapa la mkono uliokufa.

"Tujaribu tena, Mama."

Hapakuwa na muujiza. Kulikuwa na kazi tu, kazi ile ile kila siku, na siku nyingi ambazo zilionekana kuwa bure. Chumvi iliondolewa mezani, si kwa Nyanya peke yake, bali kwa wote. Nanjala alipika kunde, mchicha na samaki wa kuchemsha, na Ilukor akala bila kunung'unika. Soda ilikoma kuingia nyumbani. Anyait alikabidhiwa kazi ya kumpa Nyanya dawa asubuhi na jioni, na hakuna aliyethubutu kusema tena kwamba presha imepona. Akitoka shuleni alimshika Nyanya mkono uliobaki mzima, wakatembea kutoka mlangoni hadi kwenye lango.

Leonida naye alikuwa na dawa yake. Alileta karanga ambazo hazijabambuliwa, akazimwaga kwenye ungo kati yao. Nyanya alibambua kwa mkono mmoja, akilisukuma ganda moja moja kwenye goti. Huku wakibambua, Leonida alisimulia habari za watu wa Amukura, na alizisimulia vibaya makusudi. Alimwoza huyu kwa yule. Alisema mtu wa huko aliyeitwa Eriaku alikuwa na wake watatu na wote walitoka Uganda. Nyanya alikunja uso. Alitikisa kichwa. Siku moja Leonida aliposema kwamba mzee fulani aliyekuwa mlevi mashuhuri alikuwa katekista, mwalimu wa dini kanisani, Nyanya alipiga ungo kwa kiganja.

"A-a! Ha... hapana!"

Karanga zilitawanyika sakafuni. Leonida aliangua kicheko, kisha kicheko kikageuka kilio, wakashikana wale bibi wawili, wakalia pamoja. Anyait alisimama mlangoni akiwa na begi mgongoni, asijue acheke au alie.

Baada ya hapo maneno yalikuja, machache, yamevunjika. Maji. Njoo. Baridi. Mengi hayakurudi kamwe. Jina la Anyait halikurudi. Nyanya alimtazama, akafungua mdomo, akatafuta, akakosa, akampapasa shavu badala yake. Hilo Anyait alilazimika kulizoea, na halikuzoeleka.

Siku moja Truphena alipomaliza kumpima Nyanya, alitabasamu kwa mara ya kwanza. Presha ilikuwa imeshuka. Kisha akamgeukia Ilukor.

"Na wewe, Baba Anyait, kunja mkono wa shati."

"Mimi? Mimi sina shida."

"Hata Mama alisema hivyo."

Alimpima. Kifaa kilipumua, kikatulia. Truphena alikitazama, akamwonyesha. Presha ya Ilukor ilikuwa juu.

Akilini Anyait aliliona kochi lile, na baba yake ameketi juu yake, mdomo umepinda.

"Sikilizeni, na wewe mtoto usikilize," Truphena alisema. "Watu hudhani moyo na ubongo wa mzee huharibika uzeeni. Hapana. Huanza kuharibika mapema, kidogo kidogo, kwa chumvi ya kila siku, kwa soda, kwa sigara na pombe, kwa kukaa mchana kutwa, kwa kuudharau usingizi, kwa upweke. Na hutunzwa vivyo hivyo, kidogo kidogo. Anayetaka uzee mwema aanze akiwa na umri wa Anyait. Na ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yamepotea, usingoje mtu. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Mzee anahitaji kupumzika, ndiyo. Lakini kumheshimu mzee si kumketisha asubiri kifo. Ni kumwachia kazi anayoiweza, kumpikia chakula kisichomdhuru, na kutembea naye hata kama unachelewa."

Ilukor alishusha mkono wa shati. "Nilijifunza kwa mwili wa mama yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Hiyo ni shule ghali."

Kesho yake Ilukor alikwenda kliniki kuchukua dawa zake. Jioni alivaa viatu vya kutembea, akampa mama yake mkono. Anyait akaenda upande wa pili. Walitoka langoni, wakafuata kijia kilicho mbali na malori, kwa mwendo wa Nyanya, ambao ulikuwa wa polepole mno. Watu waliwapita. Kuku waliwapita. Walifika kwenye duka la kona, Nyanya akasimama, akahema, akatikisa kichwa. Siku hiyo hakuweza zaidi. Wakageuka, wakaanza kurudi.