Fundi Aliyefuta Miguu ya Mama Mkwe

Kila asubuhi Fundi aliwasha kompyuta yake, kisha akaenda kufanya mambo mengine. Aliweza kufagia chumba kizima cha kazi, akachemsha chai, akarudi, na kompyuta bado inajivuta.

"Mwache," alimwambia mkewe. "Mzee wangu huyu huamka taratibu."

Fundi alitengeneza soli za ndani za viatu. Hazikuwa soli za kila mtu. Wateja wake walikuwa na matatizo ya miguu: huyu ana mguu mfupi, yule ana nyayo bapa, mwingine ana kidonda kisichopona. Mteja alivua viatu akapanda juu ya kioo cha kupimia. Mke wa Fundi, ambaye wateja walimwita Mama Vipimo, alimshika mkono asianguke. Umbo la nyayo zake liliingia kwenye kompyuta. Fundi akalirekebisha kwa programu maalumu, hapa akipandisha, pale akishusha. Kisha mashine ya kuchonga ilinguruma, vumbi la sponji likaruka, na soli ikatoka.

Karibu na mlango alikaa Bibi, mama mzazi wa Mama Vipimo. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Angeweza kukanyaga msumari asijue. Wakati fulani alipata kidonda chini ya kidole gumba. Fundi alimchongea soli, kidonda kikagoma kupona. Akairekebisha, akachonga nyingine. Bado. Aliendelea hivyo, akishauriana na muuguzi wa zahanati, mpaka akapata mahali hasa pa kuweka kishimo. Hapo uzito ukahama, na kidonda kikafunga. Mama Vipimo alilia kwa furaha siku hiyo.

Umbo la soli hiyo lilikuwa ndani ya kompyuta, na hapakuwa na jingine popote. Zamani Fundi alitunza kalibu za plasta za nyayo za kila mteja. Kompyuta ilipokuja, alizitupa zote. "Za nini tena?" alisema. "Zinatujazia nyumba tu."

Sasa soli ya Bibi ilikuwa imebonyea. Muuguzi alisema ibadilishwe haraka, kidonda kisije kikarudi. Fundi alikuwa ameshakata kipande kipya cha sponji aliposikia yowe kutoka duka la jirani.

Alikuwa mpiga picha. Fundi na mkewe walimkuta ameketi sakafuni, mikono kichwani. Kioo cha kompyuta yake kilikuwa chekundu tupu.

"Picha zangu!" alilia. "Harusi za watu! Watoto wa watu! Zimefungwa zote, hata moja haifunguki!"

"Nani kazifunga?" Fundi aliuliza.

"Kirusi! Kimepitia kwenye intaneti. Mfumo wa kompyuta yangu ni wa zamani, wenyewe wameacha kuutengenezea kinga. Kila asubuhi ulikuwa unaniandikia onyo, na mimi naliondoa tu."

Fundi aliingiwa na hofu. Onyo hilo hilo lilimtokea naye kila asubuhi. Naye aliliondoa tu.

Mfumo ni programu kuu inayoiendesha kompyuta. Programu nyingine zote hutegemea hiyo. Ukizeeka, walioutengeneza huacha kuuziba matundu, na waharibifu hupita humo humo. Kwa hiyo Fundi hakukosea kuogopa. Alikosea alichofanya baada ya kuogopa.

"Leo hii hii nabadilisha mfumo," alisema alipofika nyumbani.

"Si tumwite Bi Waya kwanza?" Mama Vipimo aliuliza. Bi Waya alikuwa fundi wa kompyuta aliyeishi mtaa huo. Jina hilo alipewa kwa sababu hakukosa waya shingoni.

"Bi Waya ana kazi zake. Kwani mimi mtoto? Naweka kila kitu kwenye flashi, naweka mfumo mpya, narudisha vitu vyangu. Basi."

Akachomeka flashi. Kwenye kioo kulikuwa na alama ndogo yenye picha ya unyayo. Hapo ndipo alipobonyeza kila siku kufungua programu ya soli. Fundi akaivuta alama ile akaiweka kwenye flashi. Kufumba na kufumbua, imeingia.

"Umeona?" alisema. "Programu nzima, na wateja wote ndani yake."

"Mbona haraka hivyo?" mkewe aliuliza.

"Ndiyo kompyuta hiyo."

Akaanza kuweka mfumo mpya. Katikati ya kazi, maneno yakatokea kwa herufi kubwa: KILA KITU KILICHOMO KWENYE DISKI HII KITAFUTWA. UENDELEE? Jamani! Mtu anaulizwa waziwazi namna ile, naye anabonyeza "ndiyo" huku anapiga mluzi!

Mfumo mpya ulipokwisha kuwekwa, kioo kiling'aa. Kompyuta iliwaka haraka kuliko zamani. Fundi alitabasamu mpaka masikioni. Akachomeka flashi, akabonyeza alama ya unyayo.

Kompyuta ikaandika: Programu haipatikani.

Akabonyeza tena. Haipatikani. Akatafuta mahali alipokuwa akihifadhi maumbo ya wateja. Patupu. Mluzi ukakatika.

"Mbona umenyamaza?" Mama Vipimo aliuliza.

"Hazipo."

"Hazipo nini?"

"Nyayo. Za wateja. Zote."

Mama Vipimo aliangusha mkasi. "Na za mama?"

Fundi aliinama kuuokota mkasi. Sauti ilitoka mlangoni.

"Za mama zipi?" Bibi aliuliza. "Mkwe wangu, hebu nitazame. Umefuta miguu yangu?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu huweza kumkosea mama mkwe kwa mambo mengi, na yakazungumzwa yakaisha. Lakini kumfutia miguu! Bibi aliitazama soli yake iliyobonyea, akaitazama kompyuta inayong'aa, akashika tama.

Mama Vipimo alitoka mbio. Mguu mmoja ulikuwa na ndala, mwingine ulikuwa na kiatu cha mteja. Alirudi na Bi Waya, naye alianza kupiga kelele kabla hajavuka kizingiti.

"Zima! Zima hiyo kompyuta! Usifungue kitu! Shikamoo, Bibi. Nimesema zima!"

"Marahaba," Bibi alijibu, macho yamemtoka.

Fundi alichomoa waya ukutani. Bi Waya akavuta kiti. "Haya, niambie. Ulihifadhi nini kabla ya kufuta?"

Fundi akampa flashi. Bi Waya akaichomeka kwenye kompyuta yake ndogo, akatazama, akamtazama Fundi, akatazama tena.

"Shemeji, humu hamna programu. Hamna hata mteja mmoja. Hii alama ni kibao tu cha kuonyesha nyumba ilipo. Wewe umebeba kibao, nyumba ukaivunja."

"Mungu wangu!" alisema Mama Vipimo. "Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Siwezi kusema hivyo bado. Kompyuta ikifuta, mara nyingi haiviharibu vitu pale pale. Inasahau tu vilipo, na kuihesabu nafasi yao kuwa tupu. Lakini ikiendelea kuwaka, inaandika vitu vingine juu yake. Kilichoandikiwa juu hakirudi. Ndiyo maana nimekuja napiga kelele."

"Na huu mfumo mpya?" Fundi aliuliza kwa sauti ndogo. "Wenyewe umeandikwa juu ya nini?"

"Hilo sijui. Huenda umeandikwa juu ya takataka. Huenda umeandikwa juu ya miguu ya Bibi."

Bi Waya alifungua kompyuta, akaitoa diski, akaifunga kwenye kitambaa na kuondoka nayo. Alisema ataiunganisha na kompyuta nyingine, aisome tu bila kuandika chochote juu yake.

Kesho yake Bibi hakuruhusiwa kutembea. Soli iliyobonyea ingemuumiza bila yeye kuhisi. Alikaa, miguu juu ya kigoda, na kila mteja aliyeingia alimweleza.

"Mkwe wangu amenifuta miguu," alisema. "Tunangoja habari."

Wateja walitoa macho. Fundi alijifanya ana kazi nyingi chumba cha nyuma.

Mchana Bi Waya alirudi. "Nimepata nyingi," alisema. "Si zote. Jina la Bibi lipo. Kama faili yake ni nzima ndani, sijui. Nitakuwa na hakika tukiifungua kwa programu yake. Nimewaletea pia diski mpya yenye mfumo mpya. Ile ya zamani nimeitunza, haiguswi."

Mama Vipimo alikimbilia kabatini. Ndani ya sanduku la mashine mlikuwa na sidii za siku ilipokuja: moja ya programu ya soli, nyingine ya mfumo wa zamani, na namba zake za siri. Bi Waya nusura ambusu.

Lakini walipojaribu kuweka programu ile kwenye mfumo mpya, ilikataa. Bi Waya aliuamuru mfumo mpya ujifanye wa zamani. Programu ikafunguka kidogo, ikasema haiioni mashine ya kuchonga, ikajifunga. Fundi akakaa chini kwa kishindo.

"Basi! Nimekwisha! Nirudishe mfumo wa zamani, yaje yanikute ya mpiga picha!"

"Subiri, Shemeji. Bado nina njia. Nitatengeneza kompyuta ndani ya kompyuta."

"Ndani ya kompyuta?" Mama Vipimo alishangaa. "Itaingiaje?"

"Ni programu. Inatenga sehemu ya kompyuta hii, na sehemu hiyo inajiona ni kompyuta kamili. Humo naweka mfumo wa zamani na programu yenu. Nje, mfumo mpya unaendelea na kazi nyingine. Ni kama kumpa mzee chumba chake ndani ya nyumba mpya."

"Na virusi?"

"Chumba cha mzee sikifungulii intaneti kabisa. Barua, wateja, mambo ya mtandaoni, yote fanyeni kwenye mfumo mpya. Humu ndani ni soli tu. Nanyi msichomeke flashi za watu humu."

Alifanya kazi, waya umening'inia shingoni. Halafu likafunguka dirisha katikati ya kioo, na ndani yake ukatokea ule mfumo wa zamani, na rangi zake zilizopauka.

"Lo! Mzee wangu!" Fundi aliruka. "Yuko ndani!"

Bi Waya aliifungua programu ya soli. Akabonyeza jina la Bibi. Mchoro ulianza kujitokeza polepole, kisigino kwanza, kisha uvungu wa mguu. Hapo ukasita. Mama Vipimo alimfinya mumewe mkono bila kujua. Fundi alifumba macho.

"Fumbua," mkewe alisema. "Fumbua, Baba. Kishimo kipo."

Kilikuwepo, chini ya kidole gumba, mahali pale pale. Fundi alilia mbele ya mama mkwe wake, wala hakujificha.

Wateja wengine hawakubahatika hivyo. Faili zao zilikuwa zimeandikiwa juu, hazikupatikana tena. Fundi aliwaita, akawaomba radhi, wakapimwa upya. Mmoja alimgombeza mpaka majirani wakachungulia.

"Sasa nisikilize," Bi Waya alimwambia. "Siku nyingine usianze na kufuta. Kwanza waulize waliotengeneza programu kama inakubali mfumo mpya. Halafu nakili faili zako zote, si alama zake, uzifungue kwenye kompyuta nyingine uone kweli zinafunguka. Mfumo mpya ujaribu kwenye diski nyingine, mpaka mashine ichonge soli. Ile ya zamani iache kama ilivyo mpaka uridhike."

"Na nakala niweke wapi?"

"Moja kabatini, na moja nje ya nyumba hii. Nyumba ikiungua, kabati litaungua nayo. Na kila ukirekebisha umbo la mtu, nakala nazo uzirekebishe."

Bi Waya aliiunganisha mashine ya kuchonga na chumba cha mzee, nayo ikanguruma tena. Bibi alivaa soli mpya, akazunguka chumbani mara chache, akakaa. Kwa kuwa miguu yake haikuhisi, haikutosha aseme tu "naona vizuri". Mama Vipimo alimvua viatu, akapiga magoti, akaweka kioo kidogo chini ya nyayo na kutafuta wekundu. Fundi alisimama nyuma ya mlango, hathubutu kutazama.

"Ngozi safi, Mama," Mama Vipimo alisema. "Hakuna hata doa."

"Basi mwite huyo mkwe wangu aliyejificha."

Fundi alijitokeza, kichwa chini.

"Miguu yangu iko wapi sasa?" Bibi alimuuliza.

"Ipo kwenye kompyuta, Mama. Na mingine kwenye diski, kabatini. Na mingine kwa Bi Waya, nyumbani kwake."

Bibi alihesabu kwa vidole, akajichanganya, akaanza upya. "Nilizaliwa na miguu miwili," alisema. "Leo ninayo minane. Haya, ivalishe viatu hii miwili ya kwanza, twende ukamwonyeshe muuguzi."

Fundi alipiga magoti, akamvalisha.