Bei ya Ubaoni

Mume wangu Dominiko si mjinga. Naanza na hilo kwa sababu hapa Kinole wapo wanaomcheka hadi leo. Anajua kupogoa mchungwa. Anajua mkungu wa kukata leo na wa kuacha mpaka wiki ijayo. Lakini kuingia dukani na kuuliza, hilo lilimshinda, na mimi Felista, mkewe, bado nina uchungu nalo.

Asubuhi zetu zilikuwa hivi. Mimi napika uji. Dominiko anapanda shambani kukata ndizi. Binti yetu Judith anafagia uwanja, kisha anashuka misheni kwa masista kujifunza kushona. Misheni kulikuwa na cherehani moja na wasichana wengi. Judith alisubiri zamu yake huku akishona vifungo kwa mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hata masista walisema.

Mwaka huo, shule yetu ya msingi ilitaka watoto wote waanze Januari na sare mpya. Mwalimu mkuu akaja nyumbani.

"Mama Judith," aliniambia, "kazi ya sare nataka kumpa binti yako. Lakini awe na cherehani yake kabla shule haijafunguliwa. Sitaki fundi wa cherehani ya kuazima."

Judith alikuwa nyuma ya mlango na alisikia kila neno. Siku hiyo aliimba mpaka akatuchosha.

Basi, Dominiko akashuka Morogoro mjini kuuza ndizi. Aliporudi hata maji hakuomba.

"Mama Judith, tumepata," alisema. "Karibu na soko kuu kuna duka la mtu mmoja anaitwa Rehani. Nje ameweka ubao. Cherehani mpya, shilingi elfu kumi na nane."

"Elfu kumi na nane? Mbona masista walisema ni zaidi ya elfu sabini?"

"Masista wanajua nini? Siku hizi ni soko huria. Vitu vinaingia kutoka kila nchi. Hujaona redio zilivyoshuka bei?"

"Uliingia ukamuuliza mwenye duka?"

Aliniangalia kama nimemtukana.

"Nimuulize nini? Bei imeandikwa. Nimepita pale kwenda na kurudi, ubao ni uleule."

Vijana hawawezi kulielewa jibu hilo. Sisi wa zamani tunalielewa. Enzi za duka la ushirika, bei ilitoka serikalini. Ya sukari, ya sabuni, ya khanga, zote ziliandikwa. Hukuuliza, ulipanga foleni. Mwenye duka aliyeuza zaidi ya bei iliyoandikwa aliitwa mlanguzi, na walanguzi walikamatwa. Dominiko aliyaona hayo kwa macho yake. Kwake yeye, bei ya ubaoni ilikuwa amri. Amri zile zilikuwa zimekwisha, ila hakuna aliyepanda mlimani kuja kutuambia.

Pesa hatukuwa nayo. Tulikuwa na michungwa, nayo ilikuwa imejaa maua. Michungwa hiyo ni ya ukoo wangu, maana kwetu Waluguru shamba hufuata upande wa mama. Dominiko hawezi kuuza hata tawi bila kaka yangu mkubwa, Kasiani. Akamwendea.

"Shemeji, nataka kuuza maua," alisema.

Kuuza maua ni hivi. Mchuuzi anakuja michungwa ikiwa na maua. Anakupa pesa kidogo leo. Machungwa yakiiva, yote ni yake. Ni biashara ya mtu aliyebanwa.

Kasiani akakunja uso. "Yakiiva tutapata mara nne yake. Kwa nini tuuze sasa?"

"Mwezi wa saba ni mbali. Sare ni za Januari. Bei nimeiona mwenyewe, shemeji. Imeandikwa."

Kasiani alimtazama Judith, mpwa wake. Akakubali kwa ajili yake.

Mchuuzi aliitwa Salum. Alizunguka shambani, akahesabu miti, akatoa elfu ishirini. Dominiko akapokea mbele ya Kasiani. Wakapeana mikono.

Kesho yake tukapanda lori la ndizi, mimi, Dominiko na Judith. Judith alivaa gauni alilolishona mwenyewe kwa mkono. Ubao tuliukuta pale pale. Judith akausoma kwa sauti, na baba yake akaitikia kwa kichwa, amefurahi.

"Karibuni," alisema Rehani. Alikuwa mtu mnene, mpole.

"Tunataka cherehani," alisema Dominiko, akaweka pesa mezani. "Hiyo elfu kumi na nane."

Rehani akaitazama pesa bila kuigusa. Akatoka nje kuangalia ubao. Aliporudi, uso ulikuwa umebadilika.

"Samahani sana, mzee wangu. Ni kosa la mkono. Cherehani ni elfu themanini na moja. Kijana aliyeandika amegeuza namba, nane imekuwa mwisho na moja mbele."

"Lakini imeandikwa," alisema Dominiko.

"Imeandikwa vibaya, mzee. Mimi mwenyewe nimeinunua kwa zaidi ya sitini. Nikikuuzia kumi na nane, nafunga duka."

"Utaniuzia. Bei ni bei. Nitakwenda kukushtaki, wewe ni mlanguzi."

Rehani alichukua kitambaa, akafuta ubao mbele yetu. Judith alikuwa amekwisha kuweka mkono juu ya cherehani. Akauondoa taratibu.

Tukaenda mahakama ya mwanzo. Tulimkuta karani, mwanamke anaitwa Rahel. Alitusikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo maofisini si la kawaida.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Kaeni kwanza," alisema. "Baba, ile sheria ya bei za serikali imeondolewa. Siku hizi mwenye duka anapanga bei yake mwenyewe."

"Basi ubao ni wa nini?" aliuliza Dominiko.

"Ubao ni mwaliko. Anawaambia watu, karibuni, njooni tuzungumze. Wewe ukiingia ukasema, nataka kwa bei hii, hilo ni ombi lako. Yeye anaweza kukubali, anaweza kukataa. Akikubali, hapo ndipo mmepatana. Je, alipokea pesa yako?"

"Hakuigusa."

"Basi hamkupatana. Huwezi kumlazimisha."

Mimi nikauliza, "Na angeipokea, akatuandikia risiti, kisha ndiyo aseme amekosea?"

"Hapo mambo yangekuwa mengine, mama. Hawezi kukaa na pesa yenu na mali yake pia. Mngekuja hapa na risiti, hakimu angewasikiliza wote wawili. Ila hata hapo, mnunuzi akijua wazi kwamba bei ni ya makosa, akanyamaza ili afaidi, hakimu anaweza asimpe haki."

"Ubao umekaa nje siku zote hizo," nilisema. Nilikuwa na hasira. "Ina maana hakuna mtu aliyemwambia?"

"Kama aliambiwa akauacha makusudi ili kuvuta watu, hilo si kosa la mkono tena. Ni udanganyifu, na mnaweza kumpeleka kwa afisa biashara. Mna shahidi kwamba alijua?"

Hatukuwa na shahidi. Hata ubao wenyewe ulikuwa umefutwa.

Dominiko akasema, "Sawa. Basi na mimi nimekosea. Nimemuuzia Salum maua kwa bei mbaya kwa sababu ya ubao ule. Naye anirudishie michungwa yangu."

Rahel alimtazama kwa huruma.

"Salum alikupa pesa, baba?"

"Alinipa."

"Ukaipokea?"

"Nikaipokea. Tukapeana mikono mbele ya shemeji."

"Basi ninyi mlipatana. Namba uliyoipokea ndiyo uliyoikubali. Kuuza kwa bei mbaya si sawa na kukosea kuandika. Labda yeye mwenyewe akuonee huruma."

Hebu fikiri. Mwenye duka aliandika namba ya ovyo, akaifuta kwa kitambaa, ikaisha. Sisi yetu haikufutika. Sheria ni ile ile moja, na siwezi kusema Rahel alituonea. Lakini siku hiyo niliichukia.

Salum tulimwendea hata hivyo. Hakutufukuza.

"Mzee," alimwambia Dominiko, "mvua ya mawe ikipiga maua yale, nikakosa yote, wewe utanirudishia elfu ishirini yangu?"

Dominiko akashika njia ya nyumbani.

Januari ikafika. Sare zikaenda kwa fundi mmoja wa Mkuyuni. Watoto walipita mbele ya nyumba yetu wamevaa samawati mpya, na Judith akawa anaingia ndani wakipita. Pesa ya maua tuliila. Miezi ya njaa ilikuja, unga ukapanda, basi tukala cherehani kidogo kidogo. Kasiani hakumsemesha Dominiko mpaka Pasaka.

Mwezi wa saba machungwa yakaiva. Sijawahi kuona mwaka wa machungwa kama ule. Salum akaleta wachumaji, nao hawakutosha. Akaja mlangoni kutafuta watu wa kubeba matenga mpaka barabarani, kwa malipo.

"Nitakwenda," alisema Judith.

"Huendi," alisema baba yake.

"Chumvi imekwisha, baba."

Akaenda. Alibeba kichwani machungwa ya bibi yake mzaa mama, akalipwa ujira wa kuyabeba. Dominiko alikaa jikoni siku nzima akinoa panga ambalo lilikuwa kali tayari. Majuto ni mjukuu, wanasema. Huyu mjukuu alikuwa amehamia kwetu kabisa.

Michungwa ilipotoa maua tena, Salum alirudi. Dominiko alimkaribisha kiti.

"Mwaka huu siuzi maua," alisema.

"Hata nikiongeza?"

"Hata ukiongeza. Kwanza nitakwenda mjini kuuliza."

Na kweli alikwenda. Aliingia duka moja, akatoka, akaingia lingine. Kila alipoingia aliuliza maneno yale yale, kama mtoto anayesoma katekisimu. "Bei hii ya ubaoni ndiyo? Utaniuzia kwa bei hii? Mpaka lini?" Wengine walimcheka. Yeye akauliza tena.

Tukavumilia. Miezi ya njaa tulikula ndizi mbichi, asubuhi na jioni. Machungwa yalipoiva, tuliyauza sisi wenyewe sokoni. Cherehani tuliinunua kwa Rehani, maana bei yake ndiyo iliyokuwa nafuu. Aliandika risiti, na Dominiko akamwambia Judith asome namba moja moja kabla hatujatoka. Rehani hakutukumbuka.

Sare za shule hatukuzipata. Yule fundi wa Mkuyuni alikwisha kuzoeleka, na mwalimu mkuu hakuona sababu ya kumwacha. Judith anashona magauni na kupunguza mitumba. Kazi ipo. Chumvi hatukosi tena.

Dominiko ndiye aliyetaka tuweke ubao. Aliuandika mwenyewe kwa chaki, ulimi nje, akautundika ukutani. Gauni, zipu, viraka, kila kitu na bei yake.

Wiki ile ile akaja bibi mmoja kutoka juu kabisa mlimani. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Alikuwa amekunja kitambaa cha maua ndani ya khanga, na pesa amefunga kwenye pindo.

"Shikamoo bibi," alisema Judith.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeambiwa gauni hapa ni mia mbili. Nimezitafuta, nimezipata."

Judith akatoka kuangalia ubao. Gauni lilitakiwa kuwa elfu moja na mia mbili. Baba yake alikuwa ameisahau moja ya mbele.

Dominiko akaja mbio kutoka jikoni.

"Samahani, bibi," alisema. "Ni kosa la mkono."

Alipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, akanyamaza. Mimi nilimtazama. Judith alimtazama. Bibi hakuelewa kitu, alikuwa anafungua pindo la khanga.

"Mama, sheria hainilazimishi," Judith aliniambia polepole.

"Haikulazimishi," nilimjibu.

"Ningeweza kukataa."

"Ungeweza, mwanangu."

Akapokea zile mia mbili. Akachukua futi, akaanza kumpima bibi mabega. Dominiko akatoka nje na chaki kusahihisha ubao. Aliandika ile moja, akaifuta, akaiandika tena. Alikaa nje mpaka cherehani ilipoacha kulia.