Dawa Aliyomwaga Mugo

"Washa tena!"

Nzembi alikwaruza kiberiti cha tano. Alikisogeza kwenye jiko, akafungua koki mpaka mwisho. Kijiti kikawaka, kikamfikia vidole, kikafa. Jiko halikutoa hata mlio.

"Labda bomba limeziba," Mugo alinong'ona, amepiga magoti nyuma ya jiko, spana mkononi.

"Halijaziba. Geji inasoma sufuri."

"Sufuri? Na jana Mama Celine alipika chai ya walimu wote!"

"Hiyo chai ndiyo ilimaliza gesi iliyokuwa imebaki. Hakuna nyingine iliyotengenezwa. Mtambo umekufa, Mugo."

Nyuma yao walisimama wageni kutoka ofisi za kaunti, wanafunzi mia mbili wenye sahani, na mkuu wa chuo, Madam Otiende, aliyekuwa ameanza kutazama saa. Hii ndiyo ilikuwa siku ya jiko la chuo kuanza kupika bila kuni. Kwa miezi saba Nzembi, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikuwa amekusanya samadi kwenye boma za jirani na mabaki ya ugali jikoni, akalilisha tangi lililochimbwa nyuma ya bweni hadi likatoa gesi. Mugo, mwanafunzi wa ufundi bomba, ndiye aliyelaza kila bomba. Na tangu walipolaza lile la kwanza, hawakuwahi kupitisha siku bila kuonana.

Tatizo lilikuwa moja. Kuni za chuo zililetwa na Mzee Gakuru, na Mzee Gakuru ni babake Mugo.

"Nzembi," Madam Otiende alisema wageni walipokwisha kuondoka. "Mimi nilikutetea mbele ya bodi. Mkataba wa kuni unaisha mwisho wa mwezi. Niko na siku kumi na mbili. Moto usipowaka, nasaini mwaka mwingine wa kuni, na hilo shimo litafukiwa."

"Utawaka, Madam."

"Nasikia. Sasa nataka kuona."

Mama Celine, mpishi mkuu, alimshika Nzembi bega. "Usilie juu ya sufuria zangu, mama. Nimepika na moshi miaka kumi na tisa, macho yangu yamekuwa mekundu kama ya mlevi. Hiyo gesi naitaka kuliko wewe."

Nzembi alikimbia nje. Langoni, Katee askari alimwita kwa mkono.

"Dada, sitaki kuchonganisha watu. Lakini Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilimwona yule kijana wako kwa mtambo. Alikuwa na mtungi wa lita tano. Akamwaga wote."

"Wa maji?"

"Maji yananuka hivyo? Mimi nilipiga chafya nikiwa hapa langoni."

Nzembi hakukumbuka alivyorudi. Alimkuta Mugo ameinamia tangi, sikio kwenye kifuniko.

"Ulimwaga nini hapa Jumapili?"

Mugo aliinuka polepole. "Nani amekuambia?"

"Nijibu!"

"Dawa. Ile ya kusafisha vyoo. Ulisema unaona aibu, wageni watasikia harufu. Nikasema wacha nioshe vizuri kabla hawajafika, iwe surprise."

"Lita tano?"

"Shimo ni kubwa, Nzembi."

"Hiyo dawa inaua viini, vijidudu vyote. Na gesi inatengenezwa na viini! Umeua kila kitu kilichokuwa hai ndani ya hilo tangi!"

Mugo alitazama kifuniko. "Sikujua. Mimi najua mabomba tu."

"Ati hukujua. Baba yako anauza kuni. Wewe unamwaga sumu siku tatu kabla ya wageni. Halafu unaniambia ni usafi?"

"Unafikiri nilitumwa na baba?"

Nzembi alimpa mgongo. Mugo aliweka spana chini, akaondoka bila kugeuka.

Jioni hiyo Mugo alimpigia Nzembi simu mara nne. Mara ya tano Nzembi aliandika: "Usinipigie tena. Baba yako ameshinda, mpe pongezi."

Jibu lilikuja baada ya saa nzima: "Sawa. Lakini usiache wafukie hilo shimo."

Siku mbili zilipita. Rafiki yake Wacuka, aliyekaa naye chumba kimoja, hakumwacha apumue.

"Umeuliza mtu mwingine, ama umehukumu peke yako?"

"Katee alimwona."

"Katee alimwona akimwaga. Katee hakuona moyo wake."

"Wacuka, wewe uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa chai yenye haina moshi. Na niko na swali. Mtu anaharibu kitu kwa siri, halafu ukimuuliza anakuambia mpaka aina ya dawa?"

Nzembi alisoma tena jibu la Mugo kwenye simu.

Siku ya tatu asubuhi, honi ya lori ililia nje ya jikoni, na harufu ikafika kabla ya lori lenyewe. Wanafunzi walikimbia huku wamejiziba pua. Nyuma ya lori alisimama Mugo, amevaa gambuti, ametapakaa kijani kibichi mpaka masikioni.

"Ni nini hiyo?" Nzembi aliuliza kwa mbali.

"Majani yaliyosagika, yametoka kwa matumbo ya ng'ombe. Nimetoka machinjioni." Hakumtazama usoni. "Nimempigia kila fundi wa bayogesi niliyepata namba yake. Wanasema tutoe nusu ya kilicho ndani, tuweke hii. Viini vyake viko hai. Kama unataka, nimwage. Kama hutaki, nitaenda."

Mlango wa dereva ulifunguka. Akashuka mzee mnene mwenye kofia ya sufu.

"Wewe ndiye unafanya lori langu linuke hivi?"

"Shikamoo, Mzee Gakuru." Nzembi aliinamisha kichwa.

"Marahaba. Nimesikia eti nilimtuma kijana wangu aue mtambo wako."

"Mzee, mimi..."

"Ngoja, nimalize. Dadake alipokuwa anachumbiwa, huyu alisema wakwe wasione uchafu. Akaosha birika la ng'ombe kwa dawa hiyo hiyo. Ng'ombe zangu zilikataa maji siku mbili! Wakwe wanakula nyama, mimi nabembeleza ng'ombe." Mzee aliinua mikono juu. "Msichana wangu, huyu hajui kuharibu kwa makusudi. Yeye huharibu kwa usafi."

Mama Celine, aliyekuwa mlangoni, alicheka mpaka akashika ukuta. Nzembi alitaka kucheka, machozi yakatangulia.

"Baba!" Mugo aliteta.

"Nyamaza. Ungenyamaza hivyo na ile dawa, hatungekuwa hapa."

"Lakini Mzee," Nzembi alisema, "moto ukiwaka, kuni zako..."

"Kuni naenda kuzitafuta mbali kila mwezi. Juzi nilirudi na nusu lori. Miti imeisha na mimi ndiye nimeimaliza, najua. Lori halijali limebeba nini."

"Basi libebe samadi," Nzembi alidakia. Maneno yalimtoka mbio. "Uilete hapa kutoka kwa boma. Na mbolea inayotoka upande wa pili wa mtambo uipeleke Illasit. Wakulima wa kule wataipigania!"

Mzee Gakuru alimgeukia mwanawe. "Mbona hukuniambia ana akili hivi?"

Nzembi alikuwa tayari anakunja suruali. Alichukua koleo, akapanda lori.

"Utachafuka," Mugo alisema.

"Nichafuke. Mugo, nisamehe. Sikukuuliza, nilikushtaki tu."

"Mimi ndiye niliua viini."

"Na mimi ndiye nilisema naona aibu."

"Sasa unaona?"

Alijitazama, kijani mpaka magotini. "Hata kidogo!"

Walifanya kazi mpaka saa tisa. Kuanzia hapo, kila asubuhi kabla ya darasa walikutana kwenye geji. Siku ya kwanza, sufuri. Ya pili, sufuri. Ya nne, sufuri; Wacuka aliwaletea chai. Siku ya sita Nzembi alipokea simu ya Mugo akiwa maktaba.

"Kuja!"

"Kuna nini?"

"Sindano imesonga!"

"Imesonga ama unataka isonge?"

"Nzembi, nakuapia, kuja tu!"

Alikimbia, vitabu vikabaki mezani. Sindano ya geji ilikuwa imesogea upana wa ukucha. Walikumbatiana hapo hapo juu ya kifuniko, na Katee akapiga filimbi yake ya ulinzi kama mwamuzi wa mpira.

Siku ya mwisho ya zile kumi na mbili, Madam Otiende alisimama jikoni na karatasi ya mkataba chini ya kwapa. Mzee Gakuru alikuwa kando yake. Nzembi alikwaruza kijiti kimoja tu.

Moto uliruka, wa buluu, ukazunguka jiko lote ukinguruma. Jikoni kulilipuka kwa vigelegele. Mama Celine alitupa sufuria kubwa juu yake kama anayeogopa utatoroka. Madam Otiende aliichana ile karatasi mara mbili, akaomba kikombe.

Chai ilipochemka, Mzee Gakuru alionja, akajifuta masharubu.

"Haina moshi. Msichana wangu, kwenu ni wapi?"

"Mashuuru, Mzee."

"Jumamosi lori halina kazi."

Mugo alipaliwa na chai. "Baba, hata sijamuuliza!"

"Basi muulize. Nani amekushika mdomo?"

Jikoni watu walianza kugonga sahani. Mugo aliweka kikombe chini, akageuka.

"Nzembi. Nikija kwenu na wazee, mtatufungulia?"

Nzembi alitoa simu, akabonyeza namba ya kwao, akaweka sauti wote wasikie.

"Baba, habari ya asubuhi?"

"Njema, mwanangu. Hizo kelele ni za nini?"

"Ni furaha. Baba, yule mbuzi mweupe bado yuko?"

"Yuko. Kuna mtu anakuja kumnunua Alhamisi. Kwani?"

Nzembi alimtazama Mugo machoni.

"Usimuuze. Jumamosi tuna wageni."