Ua Lililoshiba

Fundi cherehani alikuwa anaikimbiza suti ya bwana harusi katikati ya msongamano wa soko, macho juu juu, akaikanyaga miche ya watu. Mwenye miche, dada mmoja wa gauni la njano na kilemba cha zambarau, akashika kiuno.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nilikuja nayo, dada. Sasa hivi yamekwama kwako."

Jamani! Maneno ya bei rahisi vile, na bado dada wa watu akacheka. Tangu siku hiyo simu haziishi: umekula, umelala, nimekukumbuka. Haukupita muda fundi akatamka ndoa. Lakini dada alishawahi kuchumbiwa, na mchumba akaingia mitini. Akampa fundi mche wa ua linalotambaa, la ukoo wa kunde, lenye maua ya buluu.

"Likichanua, njoo uniulize tena."

Alitaka kuona kama huyu naye atachoka, basi.

Fundi akalipanda chini ya dirisha la duka lake. Samadi asubuhi, samadi jioni. Likapanda, likatanda, likafunika dirisha zima. Majani matupu! Miezi ikapita, ua hata moja hakuna. Mwisho uvumilivu ukamshinda, akapiga simu.

"Ungesema tu hunitaki. Kunipa mti tasa ndiyo nini?"

"Tasa? Miche yangu mimi?"

"Ndiyo, yako wewe."

"Haya, kalale nao!" Simu ikakatwa.

Wiki nzima kila mtu kanuna kwake. Dada alilia, msimdhanie ana roho ngumu. Machozi yalipokauka akaenda dukani kumpasha mtu.

Akakuta taa inawaka mchana kweupe. Fundi ameinamia cherehani, macho mekundu.

"Mbona unashona gizani?"

"Dirisha limezibwa na ua lako."

"Si ungelikata?"

"Nikate tawi, kumbe ndilo lingechanua? Nitakuoa vipi?"

Dada akachungulia nje, akaona magunia ya samadi. Hasira zote zikamwisha palepale.

"Jamani mpenzi wangu! Hili ni la ukoo wa kunde, linajitengenezea mbolea lenyewe mizizini. Umelilisha likashiba, likabaki kunenepa majani."

"Kumbe ni mimi?"

"Ni wewe, na huba yako isiyo na kipimo." Akanyakua mkasi mezani.

"Weee! Huo wa kitambaa!"

"Utanolewa." Akakata, akakata, mpaka jua likaingia dukani. Fundi akazima taa.

"Sasa litachanua lini?"

"Sijui. Pengine mwakani."

Fundi akashusha pumzi. "Haya. Nitasubiri."

Dada akamtazama, vipande vya uzi vimemjaa nyweleni, akaona hana haja ya kumpima tena.

"Mimi sisubiri. Waambie wazee wako waje kwetu Jumamosi."

"Na ua je, laazizi?"

"Litatukuta tumeshaoana," akasema, na kuanza kumtoa nyuzi kichwani.