Pikipiki Iliyorudi Nzima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chérie aliosha pikipiki ya kaka yake. Aliiosha ndani ya ua wao mdogo katika mtaa wa Rugenge, mjini Uvira, kwa kitambaa na maji ya ndoo. Alianza na taa, akafuata tangi, akamalizia na magurudumu, kwa sababu huko ndiko kulikoganda tope la uwanda wa Ruzizi. Espoir, kaka yake, alikunywa chai akiwa amesimama, jicho moja kwenye kikombe na jingine kwenye pikipiki.

"Hapo chini ya tangi hujafika," alisema.

"Nimefika, yaya," Chérie alijibu; ndivyo alivyomwita kaka yake mkubwa. "Hiyo ni rangi, si tope."

Espoir alicheka, akampandisha nyuma, akampeleka mpaka kwenye lango la shule. Kisha alienda kituo cha pikipiki kutafuta abiria.

Tangu baba yao alipofariki, nyumba ile ilimtegemea Espoir. Mama yao, Domitille, aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, lakini ziwa likichafuka wavuvi hawaingii majini, na siku hizo chakula kilitoka kwenye pikipiki. Ilikuwa pikipiki ndefu, ya kupita njia mbaya. Mtu mwingine alikuwa ameitumia kabla yake, lakini Espoir aliitunza kama mpya. Aliwasha injini na kuisikiliza kwanza, kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi.

Kofia ngumu pia alikuwa nayo, ile ambayo watu wa Uvira huiita kaske. Aliivaa wiki za kwanza tu. Baadaye alisema inamtoa jasho, na tena inamzuia kusikia abiria wanapomwita. Akaitundika jikoni. Siku moja mama alikosa pa kuweka vitunguu, akavitia ndani ya ile kofia, na hakuna aliyeona ajabu. Chérie mwenyewe alikuwa akichukua vitunguu humo kila jioni.

Msimu wa mvua ulipokaribia kwisha, Espoir aliteleza kwenye mawe karibu na kivuko cha mto, akaangukia ubavu. Yeye alichubuka kiwiko tu. Pikipiki ndiyo iliyoumia: ncha ya ekseli ya mbele, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, ilikwaruzwa na mawe, na nati yake ikapondeka. Espoir alirudi nyumbani amenuna kama mtu aliyetukanwa.

Fundi wao aliitwa Hatungimana, na karakana yake ilikuwa kando ya barabara kubwa. Aliinama, akapapasa ile nati kwa kidole gumba.

"Pikipiki ikilala ubavu, hapa ndipo panapogonga kwanza," alisema. "Ukianguka tena hivi, ekseli itapinda, na shokomzoba itavunjika. Nitabadilisha nati, halafu nikutengenezee vikinga."

Vikinga hivyo vilikuwa vipande vya mviringo, viwili kwa kila gurudumu, vya plastiki nyeusi, ngumu na nene kama kisahani. Kila ekseli ya pikipiki ile ilikuwa na tundu katikati, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kazi yenyewe ilikuwa kupitisha chuma chembamba ndani ya tundu lile, kuvisha kikinga kila upande, kisha kufunga nati ndogo pande zote mbili. Pikipiki ikianguka, plastiki ndiyo ingeburuzwa barabarani, na chuma kingebaki salama.

Espoir alitaka kuvifunga mwenyewe, nyumbani, siku ya Jumapili baada ya ibada. Hatungimana akamwelekeza na kumwazima spana.

Chérie aliikumbuka Jumapili ile kuliko zote. Waliegemeza pikipiki juu ya kasha la bia. Espoir alipitisha kile chuma ndani ya ekseli, na Chérie akakipokea upande wa pili. Alivisha kikinga chake, akashika nati kwa spana ili isizunguke wakati kaka yake anakaza.

"Usikaze kwa hasira," Espoir alisema, akirudia maneno ya fundi. "Ukikaza kupita kiasi plastiki inapasuka. Sasa zungusha gurudumu."

Chérie akalizungusha. Liliteleza jepesi, bila kusuguana na kitu. Wakafunga na vya nyuma. Walipomaliza, Espoir alisimama mbali kidogo, akapangusa mikono na kuitazama pikipiki yake.

"Sasa hata nikianguka, hamna shida," alisema.

Hatungimana alipopita jioni kuchukua spana yake, alikagua nati moja moja akaridhika. Kisha akamtazama Espoir kichwani. "Pikipiki umeivisha. Na weye mwenyewe, umevaa nini?"

"Fundi, joto hili? Nitachemka kama maharage."

Wote walicheka. Mama alicheka, na Chérie pia akacheka.

Wiki chache baadaye, Chérie akiwa darasani, aliitwa nje. Mlangoni alisimama Manzi, rafiki wa Espoir, ambaye naye aliendesha pikipiki kituo kilekile. Shati lake lilikuwa na damu, lakini haikuwa yake.

"Chukua mfuko wako wa shule," alisema kwa sauti ya chini. "Mama yuko hospitali."

Njiani alimweleza machache. Espoir alikuwa amempeleka abiria kijiji cha Runingu, naye Manzi alimpeleka mwingine. Walikuwa wanarudi pamoja, polepole, wakizungumza. Ng'ombe wakakatiza barabara. Espoir alifunga breki kwenye mchanga, pikipiki ikalala ubavu. Manzi alidhani angeinuka na kujipangusa vumbi, kwa sababu mwendo ulikuwa mdogo sana. Lakini hakuinuka. Kando ya barabara palikuwa na jiwe.

Hospitalini, Espoir alikuwa amelala kama mtu aliyechoka kazi. Uso wake haukuwa na jeraha. Bandeji ilizunguka kichwa, na pumzi zake zilikuja kwa shida, moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Mama alikaa kando ya kitanda na kumshika mguu. Chérie alimwita, "Yaya." Alimwita tena, karibu na sikio. Hakujibu.

Alifariki jioni hiyo, kabla taa hazijawashwa.

Muuguzi aliyekuwa zamu, Bénédicte, alimtoa Chérie nje, akaketi naye kwenye benchi. Hakumharakisha. Chérie alilia mpaka akakosa sauti, kisha akauliza, "Walikuwa wanaenda polepole. Mtu anakufaje akienda polepole?"

"Kichwa hakijali mwendo wa pikipiki," Bénédicte alijibu. "Kinaanguka kutoka juu, kinakuta jiwe. Mwili wake wote ni mzima, mwanangu. Ni kichwa peke yake."

"Angevaa kaske?"

"Siwezi kukuapia. Lakini wanaoletwa hapa wakiwa wameivaa, wengi wao wanarudi nyumbani kwa miguu yao."

Matanga yalifanyika uani. Majirani walitandika turubai, akina mama wakapika, wanakwaya wakaimba usiku na mchana. Vijana wa kituo cha pikipiki walikuja pamoja, wakisukuma pikipiki ya Espoir bila kuiwasha, kwa heshima. Waliiegemeza ukutani.

Chérie aliizunguka. Taa ilikuwa nzima. Tangi lilikuwa zima, na usukani ulikuwa umenyooka. Kikinga cha kushoto kilikuwa kimelika kidogo na kugeuka cheupe pale kilipoburuzwa mchangani. Chuma cha ekseli hakikuguswa. Alizungusha gurudumu la mbele kwa mkono. Lilizunguka jepesi, kama Jumapili ile.

Jambo hilo lilimchoma kuliko jeneza. Kesho yake, baada ya mazishi, mama alimkuta amepiga magoti mbele ya pikipiki, spana mkononi, anang'oa kile kikinga huku machozi yakimtiririka.

"Unafanya nini?"

"Mimi ndiye niliyeshika nati, mama. Nilimsaidia kuikinga pikipiki. Yeye hakuna aliyemkinga. Hata mimi nilicheka."

Mama aliingia jikoni, naye Chérie akasikia kitu kikimwagika chini na kubingirika. Alipochungulia, alimwona mama ameketi sakafuni katikati ya vitunguu, kofia ngumu tupu mapajani, akiipangusa ndani kwa pembe ya kitenge chake. Aliipangusa mahali palepale, tena na tena. Chérie akaenda kuketi kando yake. Walikaa hivyo, wakilia pamoja, mpaka jirani alipokuja kuwaita waje kula.

Matanga yakaisha, turubai likakunjwa, watu wakarudi makwao. Nyumba ikawa na ukimya wa kutisha. Ada ya shule ilihitajika, na ziwa lilikuwa limechafuka. Mama alimwita Manzi, ambaye pikipiki aliyokuwa akiendesha haikuwa yake, na mwenye mali alikuwa ameichukua tena. Wakapatana: Manzi aendeshe pikipiki ya Espoir, na wagawane kipato.

Manzi alikuja asubuhi iliyofuata, amevaa kofia ya kitambaa. Chérie alikuwa tayari na sare ya shule. Ufunguo wa pikipiki ulikuwa mkononi mwake, naye hakuutoa.

"Leta ufunguo, mudogo wangu. Utachelewa."

"Kaske yako iko wapi?"

Manzi alitazama chini. "Sina. Na nitakwenda polepole, unanijua."

"Yaya pia alikwenda polepole," Chérie alisema. "Weye ulikuwepo. Weye ndiye uliyenieleza."

Manzi alikaa kwenye kizingiti, akafunika uso kwa viganja. Tangu ajali ile hakuwa amelia mbele ya mtu yeyote. Chérie hakujua la kufanya, akabaki amesimama na ufunguo wake. Angempa, mkate ungepatikana leo. Asingempa, mama angeuza nini sokoni? Lakini mkono wake ulikataa kufunguka.

Mama alitoka ndani. Alikuwa amesikia yote. Mkononi alishika ile kofia, safi, mkanda wake umeshonwa upya kwa uzi mnene. Alimwinua Manzi, akamvua kofia ya kitambaa, akamvalisha ile ngumu, na kufunga mkanda chini ya kidevu kwa mikono yake mwenyewe.

"Inabana?" aliuliza.

"Kidogo, Mama Espoir."

"Jasho litakutoka. Utalifuta. Siku nitakayosikia umeivua barabarani, ufunguo utarudi hapa, hata kama tutalala njaa. Na hutambeba mtoto huyu mpaka naye apate yake."

Hivyo Chérie alienda shule kwa miguu, siku ile na siku nyingi baadaye. Manzi alipopata kipato cha kwanza, walikubaliana kitu cha kwanza kununuliwa kiwe kofia ya pili, ya abiria. Wenzake kituoni walimtania. Baadhi walianza kuvaa zao, hasa wale waliokuwa wamebeba jeneza. Wengine waliendelea kwenda vichwa wazi, wakisema joto, wakisema kesho.

Jumapili moja, mama alimkuta Chérie ameshika kile kikinga alichokuwa amekiondoa. Aliketi karibu naye.

"Bado unakichukia?"

"Sijui, mama."

"Kirudishe mahali pake. Hakina kosa. Kilitengenezwa kukinga ekseli, na ekseli imepona. Kosa ni letu, sisi watu wazima wa nyumba hii. Tuliona chuma kimeumia, tukakimbilia kwa fundi. Kichwa cha mtoto wangu kilitoka wazi kila asubuhi mbele ya macho yangu, nami nikaona ni kawaida, kwa sababu hakikuwa kimeumia bado. Weye ulikuwa mtoto uliyemsaidia kaka yake. Usibebe mzigo usio wako."

Chérie aliinamisha kichwa. Mama akaendelea.

"Lakini jifunze, na uwaambie wenzako. Kila chombo kinakinga kitu kimoja. Kinachokinga pikipiki hakimkingi mtu. Ekseli ikipinda, Hatungimana anayo nyingine karakanani. Kabla hujakitunza kitu chochote, mtunze kwanza mtu. Na ukimwona umpendaye anajiweka hatarini, usicheke pamoja naye. Mwambie, hata akikasirika. Mtu aliyekasirika bado utazungumza naye kesho."

Kisha alishika upande mmoja wa kile chuma, Chérie akashika wa pili, wakafunga kikinga. Baadaye mama aliingia ndani kuandaa chakula, na Chérie akaenda kuchota maji.