Samadi ya Shimo la Zamani

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Nzembi alichukua koleo na kuingia zizini. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na zizi lao lilikuwa nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, Nairobi, kwenye kishamba cha kukodi. Alizoa kinyesi cha ng'ombe huku akipiga miayo, akakitupa shimoni, akanawa miguu na kukimbilia shule. Jioni kazi ilikuwa ile ile. Alichoka, lakini hakumwambia mtu.

Hapo awali familia ilitegemea maziwa tu. Mwaka ule wa 1974 majani yalikuwa haba, na Madoa, ng'ombe wao wa pekee, alikuwa na mimba na maziwa yamekatika. Mshahara wa baba, aliyekuwa bawabu mtaani Kileleshwa, uliishia kwenye kodi. Ndipo mama yake, Syokimau, alipokumbuka kwamba hata ng'ombe asiye na maziwa ana kitu cha kuuza. Wenye bustani walitaka samadi.

"Ikiuzika, Madoa atakula mpaka azae," alimwambia Nzembi. "Isipouzika, itabidi tumuuze kwa mchinjaji."

Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Kinyesi kilikaa shimoni miezi mingi, kikigeuzwa kwa uma mpaka kioze na kupoa, kwa maana samadi mbichi huunguza mimea. Iliyokuwa tayari ilikuwa chini kabisa ya shimo la zamani.

Jumamosi moja mama alimwagiza ajaze magunia mawili ya Mwalimu Milcah wa mtaa wa Jamhuri. Majirani wa mwalimu walikuwa wakisubiri tu kuona sukuma wiki yake itakavyokuwa ili nao wanunue. Nzembi alijaza gunia la kwanza vizuri. Kufika la pili, mgongo ulikataa. Alilijaza samadi mbichi ya shimo jipya, akafunika juu kwa iliyooza, akafunga kamba. Nani angejua? Mama akayapeleka kwa wilibaro ya kuazima.

Wiki mbili baadaye Mwalimu Milcah alimwita mama. Nzembi alifuatana naye. Upande mmoja wa bustani sukuma wiki ilikuwa imenawiri. Upande wa pili majani yalikuwa ya manjano, yamekauka kingoni. Mwalimu alisema majirani wameona, na hakuna anayetaka tena samadi yao.

Mama hakubisha. Alisema pengine yeye ndiye aliyekosea shimo, kwa kuwa siku hizi uchovu unampumbaza. Kisha akamwambia Nzembi kwa sauti ya chini kwamba wakirudi watapitia kwa mchinjaji.

Nzembi aliona aibu iliyomchoma kuliko fimbo.

"Mwalimu, si mama," alisema. "Ni mimi. Nilichoka, nikajaza mbichi."

Mwalimu Milcah alionyesha kwa kidole upande wa manjano. "Basi utang'oa hii iliyoungua na kunipandia nyingine," alisema. "Na majirani utawaambia wewe mwenyewe."

Nzembi alikwenda nyumba hadi nyumba, akisema maneno yale yale, na kila mlango ulikuwa mgumu kuliko uliotangulia. Wengine walimkaripia. Wengine walisema watangoja waone. Mchinjaji naye akaambiwa angoje.

Sukuma wiki mpya iliposhika, majirani wakaanza kuagiza, na Madoa akapata pumba. Jumamosi iliyofuata magunia mawili yalitakiwa. Nzembi alijaza la kwanza, akaegemea uma wake.

"Mama, leo nimechoka."

Mama aliketi ukingoni mwa shimo, akanyoosha miguu yake iliyovimba.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata mimi nimechoka. Kosa ni kuficha uchovu wako ndani ya gunia la mtu. Siku ile ungeniambia, mwalimu angengoja la pili, na sukuma wiki yake isingeungua."

Siku hiyo walipeleka gunia moja.